Kijana, Karata na Bahati

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kulianza kila jambo kwa neno lake, nami sitaiacha desturi hiyo leo. Neno kamari limetujia kutoka Kiarabu. Karata tumeipata kwa Wareno, pamoja na jamaa zake wote: shupaza, kopa, uru na pau, na ile turufu ambayo siku hizi imehamia katika siasa na kupigiwa kura. Bahati asili yake ni Uajemi. Kwa hiyo kijana anayeketi kucheza karata huku ameitumainia bahati yake anatumia maneno ya mataifa matatu, na huenda hiyo ni dalili kwamba maradhi haya, kama kweli ni maradhi, hayana kabila. Ama poka, mchezo ninaokusudia kuuzungumzia, ulikulia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa New Orleans na katika meli zilizopanda na kushuka mto Mississippi.

Sikuwa na haja ya kuujua mchezo huo. Nimeujua kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye usiku mmoja wa mwaka 2021 alinipigia simu kutoka Uingereza alikokuwa akisoma hisabati. Aliniuliza hivi: "Mjomba, mtu akitenda yote yampasayo, asikosee hata moja, kisha akashindwa, je, amekosa?" Nilimjibu kwa methali, kama ilivyo kawaida yetu tunapotaka kurudi kulala. Nilimwambia, "Usisafirie nyota ya mwenzio," nikamtakia usiku mwema. Methali ile ni njema, lakini haikuwa jibu la swali lake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu, na haya ninayoyaandika ni yale niliyoyapata mpaka sasa.

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja la fikra. Wengi wetu tukisikia neno kamari hudhani kwamba michezo yote ya kamari ni ya namna moja. Sivyo. Mtu anunuaye tikiti ya bahati nasibu hana la kufanya ila kungoja. Mtu wa poka ana la kufanya kila dakika. Katika namna ya mchezo huo ichezwayo zaidi leo, iliyopewa jina la jimbo la Texas, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani polepole kwa ajili ya wote, na baina ya hatua na hatua wachezaji huweka dau, au huongeza dau, au huzitupa karata zao wakajitoa. Mwenye karata mbovu aweza kushinda ikiwa atamtia mwenzake hofu ya kutosha hata akajitoa. Tena wachezaji hawashindani na mwenye nyumba. Wanashindana wao kwa wao, na mwenye nyumba hujitwalia ada yake katika kila fungu. Hilo la ada naomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Basi hapana shaka kwamba katika poka mna ustadi. Karata ni 52, na mikono ya karata tano iwezayo kutoka humo ni 2,598,960. Mpwa wangu alizijua hesabu hizi kama mimi nijuavyo ngeli. Aliniambia kuwa kupewa ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia, hutokea mara moja katika mara 221, na kwamba mwenye ree mbili akipambana na mwenye jozi nyingine yoyote, atashinda mara nne hivi katika mara tano. Alinikumbusha pia, kwa ile fahari ya vijana wasomi, kwamba elimu nzima ya kukadiria uwezekano ilipata msukumo wake mwaka 1654, pale Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walipoandikiana barua juu ya namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla haujaisha. Hayo yote ni kweli. Lakini mara nne katika tano maana yake ni kwamba mara ya tano utashindwa, na mara hiyo ya tano haitoi taarifa. Yawezekana kushindwa hivyo mara tatu mfululizo. Hesabu yake ni mara moja katika 125, na kwa mtu achezaye mamia ya mikono kila usiku, jambo la namna hiyo halimkwepi.

Vijana hawaingii katika mchezo huu kwa ajili ya hesabu, hata hivyo. Huingia kwa ajili ya visa. Mwaka 2003, katika mashindano makuu ya dunia yafanyikayo Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, alishinda karani mmoja wa hesabu kutoka Tennessee, Chris Moneymaker. Yeye alipata nafasi yake kwa mchujo wa kwenye intaneti aliouingia kwa ada isiyofika hata dola 100, akaondoka na dola milioni 2.5. (Jina lake la ukoo maana yake ni mchuma fedha, na si jina la kujibandika; riwaya ingeandikwa hivyo, mhariri angeikataa.) Mwaka ule washindani walikuwa 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Mwaka 2008 bingwa alikuwa Peter Eastgate wa Denmark, mwenye umri wa miaka 22, na mwaka uliofuata akaja Joe Cada wa Marekani, mwenye miaka 21, umri ambao ndio kwanza sheria ya Nevada humruhusu mtu kuingia katika nyumba ya kamari.

Sasa tuwaangalie mabingwa hao kwa utulivu. Eastgate, aliyepata zaidi ya dola milioni 9, alitangaza mwaka 2010, kabla hajatimiza miaka 25, kwamba anauacha mchezo kwa kuwa hamu imemwishia. Bangili yake ya ubingwa akaitia mnadani, na fedha iliyopatikana akaitoa kwa UNICEF. Baadaye alionekana mezani tena mara chache, lakini ile bangili ilikwisha kwenda. Na kabla yake alikuwako Stu Ungar wa New York, ambaye wajuzi wengi humhesabu kuwa mwenye kipaji kuliko wote. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980 na tena mwaka 1981, angali kijana. Dawa za kulevya na kamari za mbio za farasi zikamla. Mwaka 1997, akiwa hana hata kiingilio, rafiki alimlipia, naye akashinda kwa mara ya tatu, jambo lililoduwaza watu. Mwaka uliofuata, Novemba 1998, alikutwa amekufa katika chumba cha nyumba ya wageni ya bei nafuu huko Las Vegas. Alikuwa na miaka 45, umri unaokaribiana na wangu.

Wachezaji 6,843 walioshindwa na Eastgate mwaka 2008 hawana kisa. Wachache katika hao walirudishiwa kitu, lakini walio wengi waliacha viingilio vyao pale wakaenda zao. Hao ndio umma wa mchezo huu, na kijana hawaoni, kwa sababu hakuna apigaye picha ya mtu anayetoka mlangoni.

Nirudi kwa mpwa wangu. Alianza mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipofunga vyuo na kila mwanafunzi akabaki chumbani mwake na kompyuta yake. Alianza na pauni 50. Baada ya miezi saba alikuwa na zaidi ya pauni 11,000. Alipotuarifu, hakuficha zilikotoka. Alisema waziwazi kwamba ni za karata. Fedha za kwanza zilizofika nyumbani ziliezeka upya nyumba ya bibi yake, yaani mama yangu, mabati mapya kutoka upande hadi upande. Fedha za pili zililipa ada ya shule ya binti yangu kwa muhula mmoja. Nami, mwalimu wa watu, mwenye kuwasahihishia watoto insha za maadili, nilizipokea. Hakuna hata mmoja katika ukoo aliyeuliza kama fedha hizo ni safi. Shangazi mmoja aliomba dua, mjomba wangu mzee akasema mtoto huyu amerithi akili za babu yake. Ndipo miezi minane iliyofuata fedha zote zikaondoka, na kodi ya chumba chake ikafuata. Siku habari hizo zilipofika, sote tulikuwa wanafalsafa. Kila mtu alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba kamari ni haramu.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona swali lake. Kama jambo lile lilikuwa ovu, lilikuwa ovu siku ya mabati. Kama lilikuwa halali siku ya mabati, basi kushindwa peke yake hakuwezi kuligeuza kuwa ovu. Kijana alikuwa yule yule, akicheza mchezo ule ule kwa uangalifu ule ule. Kilichobadilika ni karata. Je, maadili yetu yanategemea karata?

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijadiliana juu ya jambo hili hili, wakalipa jina la bahati katika maadili. Nagel alitoa mfano wa dereva wa lori asiyekagua breki zake. Mmoja hufika salama, nasi hatumwambii neno. Mwingine, mzembe vile vile, hukutana na mtoto akatizaye barabara. Huyu wa pili hatutamsamehe, wala yeye mwenyewe hatajisamehe. Uzembe ni mmoja, lawama mbili. Kant, karibu karne mbili kabla yao, alikuwa amefundisha kwamba nia njema ina thamani yake hata isipofanikiwa. Fundisho hilo tunalikubali darasani, lakini mitaani hatuliishi, na sidhani kama ukoo wetu ulikuwa mbaya kuliko koo nyingine.

Nilimwandikia mpwa wangu haya yote katika barua ndefu. Nilidhani nimempa haki yake. Yeye, badala ya kufurahi, alinijibu kwamba swali alilouliza usiku ule halikuwa swali la kweli. Nayanakili maelezo yake kwa maneno yangu, maana yake yalikuwa na hesabu nyingi mno. Alisema kwamba mchezaji hawezi kujua kwa miezi saba kama yeye ni stadi. Bahati inayumba sana hata makumi ya maelfu ya mikono yaweza kumdanganya mtu. Alipokaa na kuzipigia hesabu kumbukumbu zake zote, faida na hasara pamoja, na kuondoa ada ya mwenye nyumba, hakuweza kuthibitisha kuwa aliwahi kuwa bora kuliko mchezaji wa kawaida. Huenda alikuwa bora kidogo, na ile ada ikaumeza ubora wake. Huenda hakuwa.

Jambo hili limenishughulisha kuliko falsafa yote, kwa sababu linagusa kazi yangu. Mwanafunzi akiandika kwangu "kitabu kizuri" na "kitabu mzuri," kalamu nyekundu humjulisha siku ile ile ipi sahihi. Baada ya miaka minne ya kalamu nyekundu ataijua lugha. Sasa tudhanie mwalimu mlevi, ambaye huweka alama ya vema kwenye kosa mara mbili katika tano, na kwenye sahihi huweka mkwaju. Mwanafunzi wake atajifunza nini? Tena aliye hatarini zaidi si yule aliyepata vibaya siku ya kwanza, maana huyo ataondoka na pauni 50 zake zimepotea na somo limekwisha. Aliye hatarini ni yule ambaye mlevi alimpa vema miezi saba mfululizo. Kijana wa namna hiyo hujenga juu ya sifa zile. Huhesabu mishahara ya miaka ijayo. Huacha mihadhara. Karata zinapogeuka, huona kwamba ni dunia iliyokosea, na hukaa mezani kungoja isahihishe kosa lake. Wachezaji wana neno lao kwa hali hiyo ya mtu kucheza kwa hasira ili arudishiwe kilicho chake. Mpwa wangu aliniambia kwamba katika miezi yake minane ya hasara, usiku wa namna hiyo ulikuwa sita tu, lakini usiku huo sita ulichukua zaidi ya nusu ya fedha. Basi hata lile neno "asikosee hata moja" halikuwa kweli.

Nilimwuliza kwa nini basi aliniuliza vile. Akasema alitaka nimwambie hakukosa, kwa sababu lilikuwapo kosa jingine asilotaka kuliangalia.

Katika mwezi wake wa nne alikuwa amemgundua mtu mmoja aliyecheza kila Ijumaa baada ya saa sita za usiku. Hakumjua sura wala jina, ila lile jina la bandia watu walitumialo humo. Mtu huyo alicheza ovyo, na akishindwa huongeza dau. Wachezaji humwita mtu wa aina hii samaki, na hekima yao ya kwanza ni kwamba usiketi mezani mpaka umemwona samaki. Mpwa wangu alimfungulia ukurasa katika daftari lake, akaandika tabia zake zote: akiwa na karata njema hufanya hivi, akitishia hufanya vile. Kila Ijumaa alimngoja. Katika zile pauni 11,000, sehemu kubwa ilitoka kwake. Usiku mmoja mtu huyo aliandika sentensi moja katika nafasi ya mazungumzo, kwamba kazi yao imefungwa tangu Machi na yeye hana wa kuzungumza naye. Mpwa wangu aliisoma. Kisha akaongeza dau, kwa sababu alijua kuwa mtu anayeandika maneno kama hayo hazitazami karata zake vizuri. Alishinda fungu lile.

Nilijaribu kumtetea, maana ni damu yangu. Nilimwambia kwamba mfanyabiashara naye hupata faida kwa kujua asichokijua mnunuzi. Kwamba yule mtu ni mtu mzima, hakulazimishwa. Kwamba mkulima naye huitupa mbegu ardhini bila kujua kama mvua itakuja. Nilipokwisha kuyasema nikaona kuwa hayafai. Mkulima akishinda, dunia imeongezeka gunia la mahindi. Mfanyabiashara, hata mwenye hila, humwacha mnunuzi na bidhaa mkononi. Katika poka hakuna gunia wala bidhaa. Kilichokuwa kwa mmoja kimehamia kwa mwingine, kimepungua kidogo kwa ada ya njiani, na ustadi wenyewe ni ustadi wa kumtambua aliye dhaifu kuliko wewe na kumkalia karibu. Wapo wasemao kwamba watazamaji na wachezaji hununua burudani, kama watazamavyo mpira. Sikatai. Watu wengi hucheza kwa visenti na kucheka. Lakini kijana anayetaka kuishi kwa mchezo huu hawezi kuishi kwa visenti vya wachekaji; yamlazimu apate mtu wa Ijumaa.

Na mtu wa Ijumaa naye hupungua. Mwaka 2017 programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iitwayo Libratus, iliwashinda mabingwa wanne katika mikono 120,000, na miaka miwili baadaye ikaja nyingine iliyoshinda mezani penye watu sita. Vijana wa leo hujifunza kwa programu za namna hiyo, hata meza zimejaa wajuzi. Mpwa wangu aliniambia kwamba katika miezi yake ya mwisho, katika zile nyusiku sita, alihisi kwamba mahali fulani yuko mtu mwenye daftari, na katika daftari hilo mna ukurasa wake.

Sheria zetu nazo hazisaidii sana kuamua. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2016 inamkataza mtu asiyetimiza miaka 25 kucheza kamari. Nevada wanasema 21, Uingereza 18. Kijana yule yule alikuwa mtoto kwa bibi yake na mtu mzima chumbani mwake. Nikiulizwa ningechagua 25, si kwa sababu wenye umri huo wana busara zaidi, mabingwa niliowataja wanaonyesha vingine, bali kwa sababu mtu wa 25 aghalabu amekwisha kupata angalau kazi moja ya kulinganisha nayo.

Mpwa wangu alirudia mwaka wake wa masomo, akamaliza, na sasa anafanya kazi ya hesabu katika shirika la bima, jambo ambalo baadhi ya jamaa hulichekea. Mwaka jana alikuja likizo. Nilimpa bahasha yenye kiasi kile kile cha ada aliyomlipia binti yangu, nilichokiweka kidogo kidogo. Aliifungua, akahesabu, akairudisha mezani. Alisema, "Mjomba, hii siyo yangu. Ilikuwa ya yule mtu, na simjui jina." Bahasha hiyo iko katika sanduku langu la vitabu hadi leo. Mke wangu ananishauri niitoe sadaka, na dada yangu anasema niache kujitia utakatifu, watoto wana ada nyingine mwezi ujao.